Tununue bakteria wa kula mafuta yaliyoingia mikokoni?

"Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa fukwe na uvuvi, ya kijiji kimoja kaskazini mwa Tanga. Wiki mbili zilizopita, usiku wa bamvu, maji yalipojaa sana, mafuta meusi mazito yaliingia nayo kwenye hori letu, mkono wa bahari unaoingia mikokoni. Hatujui yametoka chombo gani. Yamepaka mizizi ya mikoko na michu kwa urefu wa kama hatua mia tatu, na mengine yamelala juu ya tope. Sasa amekuja mfanyabiashara anauza unga wa bakteria kwenye ndoo. Anasema ukinyunyiza, mafuta yanaisha kwa siku saba. Ndoo tano bei yake inakaribia mashine ya boti, na akiba hiyo tunayo. Wazee wanasema tusihangaike, bahari hujisafisha yenyewe. Vijana wanataka kuosha kwa sabuni ya unga, wengine kuchoma moto. Na akina mama wanaookota chaza wanaogopa hao bakteria wasije wakahamia kwa watoto. Tufanye nini?"

Katibu, poleni sana wewe na wenzako. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nianze na lile la fedha, maana naona ndilo linalowabana: msinunue hizo ndoo. Bakteria wanaokula mafuta wapo kweli, na kazi wanayoifanya baharini ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Ila ninyi mnao tayari, bure, kwenye maji hayo hayo yanayoingia na kutoka horini kila siku. Wanachokosa ni kitu kingine, na kitu hicho ndani ya ndoo hakimo.

Huenda unajiuliza wametoka wapi, ikiwa mafuta yamekuja juzi tu. Mafuta si mgeni baharini. Chini ya bahari kuna nyufa zinazovuja tangu enzi na enzi, na kwa makadirio yanayotumiwa sana zinatoa kama tani laki sita kwa mwaka dunia nzima. Isitoshe, vijidudu vya kijani vinavyoelea juu ya bahari na kuishi kwa mwanga wa jua hutengeneza ndani ya miili yao kemikali za jamii moja na mafuta ya petroli, kidogo kidogo, kila siku, bahari nzima. Kwa hiyo siku zote kumekuwa na chakula cha namna hiyo, na pakiwa na chakula hapakosi mlaji. Mmoja anayejulikana sana anaitwa Alcanivorax borkumensis. Wanasayansi walimtangaza mwaka 1998, na jina lake la pili limetokana na kisiwa cha Borkum, Bahari ya Kaskazini. Yeye sukari haitaki. Maisha yake yote yamejengwa juu ya mafuta. Maji yakiwa safi ni wachache mno, wamo tu kama mbegu zilizolala ardhini zikingoja mvua. Mafuta yakifika, ndani ya siku chache wanakuwa wengi kuliko bakteria wengine wote waliowazunguka.

Hili nimeliona kwa macho yangu mara nyingi nikifundisha. Tunachota maji ya bahari ya kawaida, tunayatia kwenye chupa mbili za kioo, kila moja tone la mafuta ghafi. Chupa ya kwanza tunaiacha hivyo. Ya pili tunaiongezea punje chache za mbolea. Zote tunaziweka mahali zinapotikiswa polepole ili hewa ipite. Siku ya kwanza hakuna tofauti: utando mweusi unaong'aa juu ya maji. Baada ya siku nne au tano maji ya chupa ya pili yanaanza kuwa meupe kama yamechanganywa na tui jepesi. Weupe huo ni bakteria wenyewe. Wiki ya pili ikifika, utando umechanika vipande vipande, umekuwa kama nyuzi na vumbi la kahawia. Chupa ya kwanza nayo inabadilika, ila kwa uvivu. Hakuna aliyeongeza bakteria kwenye chupa hata moja.

Mle ndani kinachotendeka ni hiki. Mafuta na maji havipatani, na bakteria anaishi majini, kwa hiyo anaweza kula pale tu mafuta na maji yanapogusana. Ndiyo maana wengi wao hutengeneza sabuni yao wenyewe, inayovunja mafuta kuwa matone madogo wanayoweza kuyashika. Kisha kwa kimeng'enya maalumu wanachukua oksijeni na kuipachika kwenye ncha ya mnyororo wa kaboni unaounda mafuta. Ncha ikishapachikwa oksijeni, mnyororo unageuka kuwa kitu kinachofanana na mafuta ya kula, na hapo wanaukata kaboni mbili mbili, kama unavyokata muwa pingili kwa pingili, mpaka uishe. Kinachobaki ni maji, hewa ya ukaa na miili ya bakteria wapya.

Ila si mafuta yote yanalika sawa. Minyororo iliyonyooka huliwa kwanza, yenye matawi hufuata, kisha kemikali za pete, yaani zile ambazo kaboni zake zimejifunga duara, ambazo ndizo zenye sumu zaidi na zina walaji wake maalumu, kama Cycloclasticus. Mwisho kabisa hubaki lami, na lami bakteria huigusa kidogo sana. Barabara za lami zinadumu miaka na miaka kwenye mvua na jua kwa sababu hiyo hiyo. Mafuta ya dizeli yakimwagika bahari wazi ya joto kama yetu, sehemu kubwa huruka hewani au kutawanyika ndani ya siku chache, na yanayobaki huliwa kwa haraka. Mafuta meusi ya kuendeshea meli, ambayo kwa maelezo yako ndiyo yaliyowafikia, yana sehemu kubwa ya hiyo lami. Mtu anayeahidi kuyamaliza kwa siku saba ama hayajui, ama anawadanganya.

Sasa nije kwenye kile wanachokosa. Mafuta ni kaboni na haidrojeni karibu tupu. Bakteria ili azaane anahitaji pia nitrojeni na fosforasi, na hivyo havimo. Ni fundi aliyeletewa shehena ya mbao bila msumari hata mmoja. Ndiyo siri ya zile punje za mbolea kwenye chupa ya pili.

Hitaji la pili ni oksijeni, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu jibu la hori lenu liko hapa. Kula gramu moja ya mafuta mpaka mwisho kunahitaji oksijeni kama gramu tatu na zaidi. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la kwetu ina oksijeni kama miligramu sita tu, yaani sehemu sita kati ya elfu moja za gramu. Piga hesabu: lita moja ya mafuta, ili iliwe yote, inameza oksijeni iliyomo kwenye zaidi ya lita laki nne za maji ya bahari. Bahari kuu hilo inaliweza, mawimbi yanaingiza hewa na mkondo unaleta maji mapya. Tope la mikoko haliliwezi. Nenda maji yakipwa, chimba kwa kidole. Utaona ngozi ya kahawia nyembamba, milimita chache, kisha weusi wenye harufu ya yai viza. Ngozi ile ndiyo mwisho wa oksijeni. Chini yake wapo bakteria wengine wanaojua kula mafuta bila oksijeni, wakitumia salfeti ya maji ya chumvi, ila wanakwenda mwendo wa konokono. Mafuta yakishazama kwenye weusi ule, ukamwaga ndoo tano au hamsini za bakteria wanaohitaji hewa, umewatupa shimoni.

Kwa hiyo wazee wana ukweli, ila ni nusu. Huenda wamesikia habari za Ghuba ya Mexico. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka, watu 11 wakafa, na kisima kilichokuwa kina cha mita kama 1,500 kikamwaga mafuta kwa siku 87. Sehemu ya mafuta hayo haikupanda juu. Ilitanda kama wingu la matone madogo sana kwenye kina cha mita kama 1,100, na huko, kwenye baridi ya nyuzi 5 hivi, bakteria wa asili waliongezeka upesi kuliko wataalamu walivyotazamia. Habari ikaenea duniani kwamba bakteria wamemaliza kazi. Hawakuimaliza. Walikula gesi na sehemu nyepesi. Mafuta mengine yalishuka yakatua sakafuni, mengine yakafika kwenye vinamasi vya Louisiana, na huko, kwenye tope, hadithi ikawa nyingine.

Kuhusu tope kuna mfano ambao mimi huwa siusahau. Septemba 1969 jahazi la kuvutwa lilikwama karibu na West Falmouth, Massachusetts, Marekani, likamwaga mafuta ya jamii ya dizeli kwenye kinamasi cha chumvi. Miaka 30 baadaye watafiti walichimba wakayakuta bado yapo, sentimita chache tu chini ya nyasi. Walipochunguza mashimo ya kaa, waliona kaa anachimba kuteremka, akifika kwenye tabaka la mafuta anageuka au anaacha. Mnajua maana yake ninyi mnaoishi na kaa: shimo la kaa ndilo dirisha la tope. Kaa asipochimba, hewa haishuki, na hewa isiposhuka, bakteria hawali. Mafuta yanajilinda yenyewe. Panama nako, mwaka 1986, mafuta ghafi ya tangi la kiwanda cha kusafishia yaliingia kwenye mikoko ya Bahía Las Minas, na miaka mitano baadaye yalikuwa bado yanachuruzika kutoka kwenye tope na kuchafua maji upya. Hata kwetu Afrika Mashariki hili si geni: Mombasa imeona mikoko yake ikifa kwa mafuta, Makupa mwaka 1988, kisha Port Reitz mwaka 2005.

Tumrudie mfanyabiashara wenu. Meli ya Exxon Valdez ilipopasuka Alaska mwezi Machi 1989 na kumwaga lita zaidi ya milioni 40, wataalamu walinyunyiza mbolea kwenye fukwe za mawe, kama kilomita 120, na mahali pengi bakteria wa hapo hapo waliongeza kasi. Mwaka uliofuata bidhaa mbili za bakteria wa kununua zilijaribiwa kwenye ufuko mmoja wa eneo hilo, na hazikuonyesha faida iliyopimika kuwashinda wenyeji. Mwaka 1994, pwani ya Delaware, watafiti walimwaga mafuta kwa makusudi kwenye viwanja vidogo vya mchanga: vingine wakaviacha, vingine wakavipa mbolea, vingine mbolea pamoja na bakteria waliokuzwa kutoka ufuko huo huo. Mbolea ilisaidia kiasi. Bakteria wa nyongeza hawakuongeza kitu. Mgeni anayemwagwa kutoka kwenye ndoo hukuta wenyeji wamejaa, wamezoea chumvi na joto la hapo, na wadudu wadogo wanaokula bakteria wanamngoja.

Pengine mfanyabiashara atawaambia wake wametengenezwa maabara, wana nguvu za pekee. Bakteria wa namna hiyo alipata kutengenezwa kweli na Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyefanya kazi Marekani, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa kiumbe huyo anaweza kupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Kesi ilimpa umaarufu mkubwa. Kazi ya kusafisha bahari bakteria wake hakupewa kamwe. Na mtu yeyote anayetaka kumwaga bidhaa ya viumbe hai kwenye hori anapaswa kuwa na kibali. Mwombeni akionyeshe.

Je, msambaze mbolea basi? Hapana, kwa hori lenu hapana. Kwenye mchanga au mawe yanayopigwa na mawimbi, hewa ikiwa tele, mbolea huweza kusaidia, chini ya uangalizi. Kwenye tope kinachokosekana ni oksijeni, na mbolea itaotesha mwani, mwani utaoza, na hewa itapungua zaidi.

Akina mama waambie hivi kwa niaba yangu. Bakteria hawa si wa ugonjwa. Mwili wa mtoto hauna chakula wanachokitafuta. Mafuta yakiisha wanapungua, wanaliwa na vijidudu vingine, na hivyo ndivyo kaboni ile inavyorudi kwenye mnyororo wa chakula cha bahari. Wa kuogopwa ni mafuta yenyewe. Mvuke wake siku za mwanzo unaumiza kichwa na mapafu, na zile kemikali za pete hukaa ndani ya chaza na kome kwa muda mrefu, kwa sababu wao, tofauti na samaki, hawana uwezo mkubwa wa kuzivunja. Chaza wa hori hilo wasiokotwe, wasiliwe, wasiuzwe, mpaka wapimwe. Najua ninachokisema kinagusa sufuria za watu, na sikisemi kirahisi.

Na vijana, tafadhali, sabuni waiache dukani. Mwaka 1967 meli ya Torrey Canyon ilipovunjika Uingereza, walimwaga sabuni kali za viwandani, maelfu ya tani, kwenye miamba ya Cornwall. Miamba iliyoachwa bila sabuni ilirudisha uhai wake ndani ya miaka miwili mitatu. Iliyooshwa zaidi ilichukua hadi miaka 15. Sabuni ya unga nayo itayavunja mafuta yashuke ndani ya tope na kuingia kwenye mizizi. Moto utaua miti ambayo mafuta yangeiacha hai, na kilichobaki kitakuwa kigumu kuliko mwanzo. Wala msifukie kwa mchanga: mkifukia mmefunga dirisha.

Kazi yenu ya maana, kwa hiyo, ni kuyatoa yanayoweza kutolewa kabla hayajazama, na kuwaachia bakteria masalia kwenye sehemu zenye hewa. Msikanyage tope lenye mafuta. Kila unyayo unayasukuma chini kwenye weusi ule, na watu ishirini wenye nia njema wanaweza kufanya madhara ambayo bamvu kumi hazitayafuta. Mafuta yaliyo kwenye mchanga mgumu mdomoni mwa hori yakusanyeni kwa koleo na ndoo, mkichukua mchanga kidogo iwezekanavyo. Yanayoelea maji yakijaa yafuateni kwa mtumbwi. Mauritius, meli ya Wakashio ilipovuja mwezi Agosti 2020, wananchi walishona mirija ya kitambaa, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakaitandaza baharini kuzuia mafuta. Ninyi mna usumba wa nazi na katani. Nyavu kuukuu zikijazwa usumba mkavu na kufungwa kukatiza hori zitanasa utando unaotoka na maji, mradi zitolewe kila zinapolowa na kuhifadhiwa kwenye mapipa yenye mfuniko. Zikiachwa humo zinakuwa uchafu mwingine. Vaeni glavu na mabuti, fanyeni kazi upande unaotoka upepo, na mafuta yakigusa ngozi yaondoeni kwa mafuta ya kupikia kisha sabuni ya kuogea, si kwa petroli.

Mizizi iliyopakwa msiisugue na msikate mti. Michu hupumua kwa ile mizizi iliyosimama kama penseli kutoka kwenye tope, na mafuta mazito yanaiziba. Baadhi ya miti itakufa, Katibu, siwezi kukuficha hilo, na mingine itangoja miezi kabla ya kuonyesha. Kuna njia ya kuosha mizizi kwa maji ya bahari yanayotoka taratibu wakati maji yanajaa, huku mafuta yakizuiwa na kukusanywa, ila hiyo si ya kujaribu peke yenu. Wiki mbili zikishapita, mafuta mengine yameshaganda, na huenda atakayekuja kuangalia akasema sehemu kubwa iachwe. Akisema hivyo msimwone mvivu. Na miche msipande mwaka huu kwenye tope lililochafuka, itakufa na kuwavunja moyo.

Mtu huyo wa kuja kuangalia mnamhitaji wiki hii, si mwezi ujao. Pitieni kwa ofisa mazingira wa halmashauri, taarifa iandikwe kwa NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, na kwa TASAC, wanaoshughulikia uchafuzi unaotokana na meli, na TFS, wakala wa misitu, kwa kuwa mikoko ni msitu wa hifadhi. Kupima chaza, ulizeni TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Yeyote aliyekaa na mafuta akapata kichwa kisichoisha, kutapika au kubanwa kifua aende zahanati leo. Na chukueni sampuli kabla hamjasafisha zaidi: chupa ya kioo safi, mafuta robo chupa, foili chini ya kifuniko, tarehe na mahali, ihifadhiwe penye giza na ubaridi. Mafuta ya kila shehena yana alama zake za kikemia, na maabara inaweza kuyalinganisha na ya chombo kinachoshukiwa. Ikibainika yametoka meli ya kubeba mafuta, upo mfuko wa kimataifa wa fidia ambao Tanzania ni mwanachama, na madai yake yanasimama juu ya picha, sampuli na daftari la hasara ya kila mvuvi.

Jambo hili litawahusu zaidi miaka ijayo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, Tanga, na mafuta yale yana nta nyingi kiasi kwamba bomba lenyewe lazima lipashwe moto yasigande. Nta ni minyororo iliyonyooka, chakula kizuri kwa bakteria, lakini ikiganda kuwa mabonge kwenye maji ya nyuzi 28, wataweza kuyang'ata kwa nje tu. Mkutano wenu na halmashauri uulize mapema: vizuizi vya kufungia hori vimehifadhiwa wapi, na nani ana ufunguo?

Sehemu ya akiba yenu nunulieni glavu, mabuti na mapipa. Nyingine iwekeni kwa ajili ya akina mama ambao hawataokota chaza. Kisha chagueni vipande vitatu vya tope, kila kimoja hatua moja kwa hatua moja, viwili palipoingia mafuta na kimoja palipo safi, na kila baada ya bamvu mtu mmoja ahesabu mashimo ya kaa akiwa juu ya ubao bila kukanyaga. Andikeni namba. Mashimo yakianza kurudi palipochafuka, hewa imeanza kushuka, na wale bakteria wenu wako kazini.